Kiinua Mgongo Changu na Plagi ya Kijapani

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu hebu inua macho uitazame soketi iliyo ukutani mwako. Ina matundu matatu ya pembe nne, na lile la juu limekaa peke yake. Bila shaka unaikumbuka siku uliponunua pasi au redio Kariakoo, ukafika nyumbani ukaona plagi yake ina vyuma viwili tu vya mviringo, nayo haiingii. Ukafanya lile tufanyalo sote: ukatafuta kijiti au kalamu, ukaichomeka katika tundu la juu, na matundu ya chini yakafunguka. Silisifu tendo hilo, maana ni la hatari, na tundu la juu limewekwa kwa ajili ya waya wa ardhi ambao huokoa maisha ya watu. Umbo hilo la soketi waliliandikia kanuni Waingereza mwaka 1947, nasi tukalirithi. Nataka tu uikumbuke ile hasira ya mtu aliyenunua kitu kizima, chenye kufanya kazi, kisha akashindwa kukitumia kwa sababu ya umbo la vipande viwili vya chuma.

Mimi hasira hiyo nimeipata kwa kitu kikubwa kuliko pasi. Nimeipata kwa kiinua mgongo changu.

Nilistaafu kazi ya reli mwaka 2023, baada ya utumishi wa miaka 31. Fedha nilizopewa hazikuwa nyingi wala hazikuwa haba. Sehemu ililipa madeni, sehemu ilikwenda kwa ndugu, kama ijulikanavyo, na iliyobaki ikawa na wadai wawili ndani ya nyumba moja. Mama watoto alitaka tupaue nyumba yetu ya Kibaha, ambayo kuta zake zilikuwa zimenyeshewa na masika mawili. Kijana wetu wa pili alikuwa dereva wa teksi ya mtu. Kila jioni alipeleka hesabu kwa tajiri, akajaza petroli, na kilichobaki mkononi hakikutosha kodi ya chumba na maziwa ya mtoto. Yeye aliniletea jambo jipya. Alisema, “Baba, kuna magari ya umeme yaliyotumika yanatoka Japani kwa bei nafuu. Halinywi petroli. Unalichomeka usiku kama simu, asubuhi unatoka nalo.”

Nilipiga hesabu kwa kalamu na karatasi, maana nimezoea mambo ya umeme kidogo. Hesabu ikakubali. Mama watoto hakukubali, lakini alinyamaza, na nyumbani kwetu kunyamaza huko kuna uzito wake. Tukaliagiza gari mwaka 2024.

Lilipofika tulilipokea kwa furaha. Lilikuwa safi, kimya, viti havijachanika. Tulipokifungua kifuniko cha mbele tukaona matundu mawili, moja dogo na moja kubwa la mviringo, na ndani ya buti ulikuwamo waya mnene wa kujazia. Mwisho wa waya huo ndipo nilipoanza kuona dalili. Plagi yake ilikuwa na vyuma bapa ambavyo havikufanana na soketi yoyote niliyopata kuiona hapa nchini. Umeme wa nyumbani kule Japani ni wa volti 100, na mwenye gari la umeme aghalabu hufungiwa soketi ya pekee ya volti 200. Wetu ni wa volti 230. Fundi wa mtaani alikata ile plagi, akafunga ya kwetu ya ampia 13, akapokea ujira wake akaenda zake.

Usiku wa tatu mama watoto aliamka akisema kuna kitu kinaungua. Nilipofika barazani soketi ilikuwa imebadilika rangi, na plastiki yake imelegea kama mshumaa. Hapakuwaka moto, tunamshukuru Mungu, lakini niliona haya mbele ya familia yangu. Mtu wa miaka yangu, aliyekwisha kushika nyaya nene kuliko zile, alipaswa kujua kwamba soketi ya kawaida huvumilia pasi ya dakika kumi, wala haivumilii mzigo mzito wa saa nane mfululizo. Tukamwita fundi mwenye leseni, akavuta waya mpya kutoka kwenye bodi ya umeme, ukiwa na kikata umeme chake peke yake, na akatufungia kifaa cha kujazia kilicho cha volti zetu, chenye kuvuta ampia kumi tu. Hilo likatengemaa. Wewe msomaji ukiwa na gari la namna hii, au hata bajaji ya umeme, usiianzie safari yako kwenye soketi ya barazani.

Lakini soketi ilikuwa taabu ndogo. Taabu yenyewe ilikuja mchana.

Betri ya gari lile ilipokuwa mpya ilikuwa na kilowati-saa 24. Baada ya miaka mingi ya kazi kule ng'ambo ilikuwa imebaki na kama theluthi mbili ya uwezo huo, na katika joto la Dar es Salaam, kwa foleni zetu na abiria wasiotaka kuteremsha kioo, gari likawa linakwenda kilomita 90 hivi kisha linataka kulala. Teksi haiishi kwa kilomita 90. Kwa ampia kumi za nyumbani unapata kilowati mbili na kidogo tu, maana yake kuijaza tena kunachukua saa saba au nane. Ndiyo sababu magari haya yamewekewa tundu la pili, lile kubwa. Hilo ni la kujazia upesi katika vituo vya barabarani, ambako mashine hupeleka umeme wa mkondo mnyoofu moja kwa moja katika betri, na nusu saa yaweza kutosha kumrudisha dereva kazini. Hesabu yangu yote ya karatasini ilisimama juu ya tundu hilo.

Kijana alikuwa amepata habari za kituo kimoja hapa mjini. Siku moja, saa saba za mchana, alikwenda huko akiwa amebakiwa na nguvu ndogo sana. Nilikuwa nimekaa chini ya mwarobaini nikasikia simu. Hakunisalimu.

“Baba, haiingii.”

“Haiingii nini?”

“Plagi ya kituo. Ni kubwa, ina umbo jingine kabisa. Wanasema gari letu ni la Kijapani, mashine yao ni ya Kizungu.”

Alisukumwa na vijana wanne mpaka pembeni mwa ua, akaombewa umeme wa soketi ya mlinzi, akarudi nyumbani usiku wa manane. Mama yake alimpa chakula, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: “Paa langu limo ndani ya gari hilo, nanyi hamjui hata tundu lake.”

Tangu siku hiyo nikaanza kuliuliza jambo hili, na nitakueleza nililolipata, kwa kuwa huenda nawe una kiinua mgongo njiani.

Wajapani ndio waliotangulia, na heshima yao wapewe. Mwaka 2010 shirika la umeme la Tokyo pamoja na watengeneza magari waliunda chama cha kusimamia plagi moja ya kujaza upesi, wakaiita CHAdeMO. Ndani ya jina hilo mna mzaha wa lugha yao, maana likitamkwa hufanana na mwanzo wa kumkaribisha mgeni kikombe cha chai: yaani gari lijazwe huku mwenyewe anakunywa chai. Neno lao la chai ni “cha”, ndugu wa damu wa neno letu. Vituo vyao vilienea Japani na vikafika hata Ulaya wakati ambapo wengine walikuwa bado wanabishana mezani.

Mwaka 2012 kampuni nane za Ujerumani na Marekani zikajitokeza na plagi yao, CCS. Shauri lao lilikuwa la busara: badala ya matundu mawili katika gari, liwepo moja, ambalo sehemu yake ya juu ni ya kujaza polepole na chini yake yameongezwa matundu mawili mapana ya mkondo mkubwa. Hata hivyo wao wenyewe hawakuafikiana kikamilifu, kwani plagi ya Ulaya na ya Marekani zilitofautiana upande wa juu. China ikaweka ya kwake, iitwayo GB/T. Kampuni ya Tesla kule Marekani ilikuwa na yake, nyembamba na nyepesi, iliyoingia katika magari yake tu. Basi ndani ya miaka michache dunia ikawa na plagi tano kwa kazi moja.

Utauliza kama nilivyouliza mimi: je, fundi mwerevu hawezi kuchonga kipande cha kuunganisha hii na ile, kama tunavyofanya kwa redio? Tatizo ni kwamba plagi hizi husemezana. Kabla umeme haujaanza kupita, gari huiambia mashine betri yake ni ya volti ngapi, imejaa kiasi gani, ina joto gani, nayo mashine hujibu. Lugha ya CHAdeMO hupita katika nyaya zake ndogo za pekee. Lugha ya CCS ni nyingine kabisa na njia yake ni nyingine. Ukilazimisha vyuma vigusane, kila upande utasema usieleweke, na umeme hautapita. Viunganishi vya kutafsiri vipo na vinauzwa, lakini ndani yake mna kompyuta ndogo yenye betri yake, na bei yake ni ya kumfanya mstaafu avue miwani aisome mara ya pili.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Kidatu.

Nadhani vijana wengi hawajui habari hii. Reli ya Kati, iliyojengwa zamani za Wajerumani, ina upana wa milimita 1,000 kutoka chuma hadi chuma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina milimita 1,067, kwa kuwa ilikwenda kuungana na reli za Zambia na nchi za kusini, ambazo zilikuwa na upana huo. Tofauti ni milimita 67, si zaidi ya upana wa vidole vinne. Kwa ajili ya vidole vinne hivyo, behewa la huku haliwezi kukanyaga reli ya kule, na mwaka 1998 ilifunguliwa pale Kidatu stesheni ya kuhamishia mizigo, treni moja upande huu na ya pili upande ule. Nimesimama pale nikitazama makontena yakinyanyuliwa kutoka behewa moja kuwekwa katika behewa jingine. Kila aliyejenga alikuwa na sababu yake njema, wala simlaumu. Lakini gharama ya kuhamisha mzigo hailipwi na mjenzi. Yumo ndani yake mwenye mahindi, na mwishowe mnunuzi wa unga. Reli yetu mpya ya umeme, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Morogoro mwaka 2024, ina milimita 1,435, kipimo cha sehemu kubwa ya dunia. Tuna vipimo vitatu katika nchi moja, nami niliyekula mshahara wa reli miaka 31 ningalipaswa kuwa mtu wa kwanza kuuliza tundu la gari lina kipimo gani.

Sasa tazama Ulaya walifanya nini. Hawakungoja kampuni zichoke kushindana. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba vituo vya umma viwe na plagi za namna moja: ile ya Kijerumani kwa kujaza polepole, na CCS ya Ulaya kwa kujaza upesi. Haikukatazwa kuongeza nyingine, ilimradi hiyo isikosekane. Mwaka 2023 wakaongeza sheria nzito zaidi, iliyoanza kutumika Aprili 2024: katika barabara kuu kituo cha magari madogo kisiwe mbali kuliko kilomita 60 na kingine, na vituo vipya vya kujaza upesi vipokee kadi ya kawaida ya benki, ili msafiri asilazimike kuwa mwanachama wa kampuni kumi kabla ya kusafiri. Hilo la malipo nalihesabu kuwa kubwa sawa na plagi yenyewe. Umbo likikubali na mlipaji akakataliwa, bado gari halikujazwa.

Marekani walikwenda kwa njia nyingine. Plagi iliyoshika huko haikuamriwa na serikali. Novemba 2022 Tesla iliwafungulia wengine michoro ya plagi yake, Mei 2023 Ford ikasema itaifuata, mwezi uliofuata General Motors nayo, na baada yao wengi wakaja mbio, hata plagi hiyo ikaandikwa kuwa kanuni ya chama cha wahandisi wa magari cha huko. Imekuwa vema kwao, sina ubishi, na wengine husema plagi hiyo ni bora kwa wepesi. Lakini wale walionunua magari ya CCS kabla ya hapo ndio wanaotembea na kiunganishi ndani ya buti, kama sisi na kijiti chetu cha redio.

Na CHAdeMO? Imebaki na nguvu kwao Japani. Hata watengeneza magari wa Kijapani, magari mapya wanayopeleka Ulaya wameyapa tundu la CCS. Hapa ndipo jambo hili linapotufikia sisi. Wewe na mimi hatununui gari jipya. Tunanunua la Kijapani lililotumika, kwa kuwa usukani wake uko upande wetu na bei yake inafikika, na sasa tunaponunua la umeme tunanunua pamoja nalo plagi ya upande ulioshindwa katika mashindano ya watu wengine. Wakati huohuo mashine za vituo huletwa na wafanyabiashara wanaotazama Ulaya au China. Gari latoka mashariki, mashine inatoka magharibi, na vinakutana katika ua mmoja hapa Dar es Salaam saa saba za mchana.

Sisemi mambo haya kwa magari tu. Katika miji ya Nairobi na Kigali pikipiki za umeme zimekuwa nyingi, na dereva hangoji kujaza: hufika kituoni, huvua betri iliyokwisha, hupewa iliyojaa, akaenda. Ni mpango mzuri sana kwa mtu anayeishi kwa safari. Ila betri ya kampuni hii aghalabu haikai katika pikipiki ya kampuni ile, basi dereva huzunguka mji akivipita vituo visivyo vyake. Siku kampuni yake ikifunga milango, pikipiki yake ni chuma. Wenye kampuni husema kwamba kila mmoja angali akitafuta betri iliyo bora, na kuchagua mapema ni kujifunga. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini natambua pia kwamba wakati wao wanatafuta, anayelipia utafiti ni dereva.

Laiti ningeulizwa, ningesema sisi tusiotengeneza magari bado tunaweza kuamua ni tundu gani litakalokuwa la lazima katika kila kituo chetu cha umma, na kumtaka mwagizaji wa magari aandike aina ya plagi mahali palepale anapoandika mwaka na rangi. Tangazo la gari letu lilitaja redio na viti vya kitambaa. Plagi halikutaja.

Utataka kujua tumeishiaje. Kiunganishi hatukununua. Mama watoto alisema, “Paa nimelitoa, kuta sitoi.” Kijana hutoka saa kumi na moja alfajiri, hurudi saa nne gari likiwa limechoka, hulichomeka chini ya mwarobaini, hulala kidogo, kisha hutoka tena alasiri mpaka nguvu ziishe. Hapati alichokihesabu, ila hapeleki hesabu kwa tajiri wala hanunui petroli. Kila Jumapili huniletea kiasi, mama yake hukipokea na kukiweka katika kopo, na kopo hilo lina jina: mabati. Tumekwisha kununua kumi na mawili.

Wiki mbili zilizopita rafiki yake alikuja kunisabahi. Alinishikia miguu, akakaa, akaniambia naye ameona gari la umeme katika simu, zuri, la bei nzuri, na mwenye nalo anataka arubuni kabla ya Jumatatu. Akaanza kunieleza rangi yake. Nikamwambia, “Mwanangu, mwombe mwuzaji akifungue kifuniko cha kujazia, apige picha kwa karibu, akutumie.”

Picha ilikuja baada ya saa nzima. Nilivaa miwani, mama watoto akasogea akasimama nyuma ya bega langu, tukahesabu pamoja kwa kidole juu ya kioo cha simu. Matundu saba juu, mawili mapana chini. Mama watoto akarudia kuhesabu peke yake, polepole, kisha akamwambia kijana yule aulize sasa habari za betri.